Rangi, umbo au gonopodi: njia tatu za kumtambua kaa wa gando moja kwa wanaotoka Dodoma

Kaa wa pwani wakishakaa kwenye spiriti miezi miwili, wote huwa na rangi moja ya chai ya maziwa. Aliyekuwa na mgongo wa buluu na aliyekuwa na gando la waridi hawatofautiani tena. Kama lebo ya chupa inasema "kaa, Kunduchi" na basi, mwalimu au mwanafunzi aliyebaki nayo maabara ya Dodoma hana cha kufanya ila kubahatisha. Kosa lenyewe hufanyika mapema: watu huchagua njia ya kutambua baada ya kurudi, ilhali kila njia ina kitu chake cha kuchukua ufukweni, na kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam, uliko ufuo huo wa Kunduchi, ni kilometa 450 hivi. Picha iliyosahaulika haifuatwi tena.

Njia ni tatu: kusoma rangi ya kaa akiwa hai, kusoma umbo la gamba na gando, na kuchunguza gonopodi, yaani kile kiungo cha uzazi cha dume kilichofichwa chini ya kifuniko cha tumbo. Hapa zinapimwa kwa maswali yaleyale: inahitaji vifaa na muda gani, inakufikisha hadi jenasi au hadi spishi, nini huiharibu, na inamfaa nani.

Kwanza, wagombea ni akina nani

Pwani ya Tanzania ina spishi sita za kaa hawa ambao dume ana gando moja kubwa kupita kiasi na jingine dogo, na jike ana madogo mawili. Majina yao yalibadilika mwaka 2016, jenasi ya zamani ya Uca ilipogawanywa. Vitabu vingi vya maktaba bado vina majina ya kale, kwa hiyo yashike yote mawili:

- *Austruca occidentalis*: vitabu vya zamani humwita *Uca annulipes*
- *Cranuca inversa*: zamani *Uca inversa*
- *Paraleptuca chlorophthalmus*: zamani *Uca chlorophthalmus*
- *Tubuca urvillei*: zamani *Uca urvillei*
- *Gelasimus hesperiae*: zamani *Uca vocans*
- *Gelasimus tetragonon*: zamani *Uca tetragonon*

Yule wa kwanza ana kisa cha ziada. Mwaka huohuo wa 2016 wataalamu walionyesha, kwa vinasaba pamoja na maumbile, kuwa wale wa Afrika Mashariki si *annulipes* wa mashariki ya Bahari ya Hindi, wakampa jina la *occidentalis*. Ukikuta orodha ya kaa wa Tanzania inayomtaja *annulipes*, usidhani kuna spishi ya saba.

Hakikisha pia unayemtazama ni wa kundi hili. Mikokoni kuna *Parasesarma guttatum* mwenye magando mekundu yanayovutia sana kwenye picha, lakini yote mawili yanalingana, mwili wake ni wa mraba, na macho yake yako pembeni kwa vikonyo vifupi. Kaa wetu wana vikonyo virefu vinavyosimama kama antena. Na wale kaa wa maji baridi wa mito na mabwawa ya bara ni wa jamii nyingine kabisa, hawahusiki hapa.

Njia ya kwanza: rangi

*Vifaa na muda.* Simu yenye kamera nzuri, karatasi nyeupe, na maji kupwa. Kaa hawa hutoka mashimoni maji yakishaondoka, nao huingia ndani mara tu wanapoona kivuli kikisogea. Kaa kitako mita mbili au tatu kutoka mashimoni, usicheze, na subiri robo saa. Piga picha nne za mnyama mmoja: uso, mgongo, gando upande wa nje, na vikonyo vya macho. Weka karatasi nyeupe kwenye picha moja ya eneo hilohilo, maana simu nyingi hukoleza rangi zenyewe, na bila kitu cheupe cha kulinganishia huwezi kujua wekundu ni wa kaa au wa simu.

*Inakufikisha wapi.* Kwa baadhi ya spishi, moja kwa moja hadi mwisho. *Gelasimus tetragonon* mzima ana mgongo wa buluu ya kung'aa na gando la rangi ya chungwa. Ukimwona penye mchanga uliochanganyika na vipande vya matumbawe, humpotezi. *Paraleptuca chlorophthalmus* ana miguu na gando jekundu na vikonyo vya macho vyenye ukijani wa njano, naye hupenda tope lenye kivuli, karibu na mikoko na mikandaa, aina mbili za miti ya mikokoni. *Gelasimus hesperiae* ana mgongo wa rangi ya tope lakini gando lake ni kama lililopakwa mara mbili: kiganja upande wa chini ni cha njano-chungwa, kidole cha juu ni cheupe. Huyo mtafute chini kabisa, kwenye uwanda wa wazi wa mchanga-tope mbele ya mililana, aina nyingine ya miti ya mikokoni. *Tubuca urvillei* ni mkubwa, wa giza, ana mabaka ya buluu na gando la kichungwa, na makazi yake ni tope laini la mikokoni, lile linalomeza kiatu.

Wanaobaki ni wawili, na hapo ndipo rangi huanza kusumbua. *Austruca occidentalis* ana mgongo mweusi wenye mistari na mabaka meupe, gando lake ni la waridi. *Cranuca inversa* ana gando lenye wekundu na vidole vyeupe. Kwenye maandishi wanatofautiana vizuri. Ufukweni, waridi uliokolea wa mmoja na wekundu uliofifia wa mwingine hukutana katikati, na wote wawili hukaa sehemu za juu zenye mchanga karibu na michu (nayo ni miti ya mikokoni), *inversa* akipanda zaidi hadi kwenye majangwa ya chumvi yanayofikiwa na bamvua tu, yaani yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu.

*Nini huiharibu.* Mambo mengi, na mengine hayarekebishiki. Rangi ya kaa iko kwenye seli zinazopanuka na kusinyaa, hivyo hubadilika kwa saa za siku, kwa joto na kwa hofu. Kaa aliyekamatwa huweza kufifia ndani ya dakika chache akiwa mkononi; picha ya ndoo si ushahidi wa rangi. Tope likikauka mgongoni huficha mabaka, na maji ya kumwosha yakimshtua anabadilika tena. Aliyejivua gamba karibuni hung'aa, aliyekaribia kujivua huwa mchafu. Majike na wadogo hawafuati maelezo ya juu: yale yameandikwa kwa dume mzima. Na spiriti, kama tulivyoanza kusema, hufuta karibu kila kitu.

*Inamfaa nani.* Anayetaka kutambua bila kuua wala kukamata: darasa la sekondari, mpiga picha, mtu anayehesabu idadi ya spishi za ufuo kwa siku moja. Haimfai kabisa aliyepewa chupa.

Njia ya pili: umbo

*Vifaa na muda.* Kalipa, lenzi ya mkono ya kukuza mara 10, na kaa mwenyewe au picha yake ya karibu. Dakika tano kwa kila kaa zinatosha ukishazoea. Faida yake kubwa ni kwamba inafanya kazi kwa aliye hai na kwa aliye chupani.

*Inakufikisha wapi.* Mbali kuliko watu wanavyodhani, mradi ufuate mpangilio.

Anza na paji, ile sehemu ya gamba iliyo katikati ya vikonyo vya macho. Hiki ndicho kigezo cha kwanza kuliko vyote na ndicho wanaoanza hukiruka wakikimbilia gando. Mtazame kaa kwa mbele. Ikiwa paji ni jembamba, kama ulimi uliobanwa, na nafasi kati ya vikonyo inakaribia unene wa kikonyo chenyewe, uko kwenye kundi la *Tubuca* na *Gelasimus*. Ikiwa ni pana, nafasi ikiwa mara kadhaa ya unene wa kikonyo, uko kwenye *Austruca*, *Cranuca* na *Paraleptuca*. Paji halibadiliki kwa spiriti, halianguki, na jike analo sawa na dume. Kwa hatua hii moja wagombea sita wamekuwa watatu.

Kwa wenye paji jembamba, hatua ya pili ni upande wa gando. Madume wa *Gelasimus*, spishi zote mbili, karibu wote wana gando kubwa upande wa kulia. Kwa *Tubuca urvillei* na kwa wenye paji pana wote, kulia na kushoto hukaribia nusu kwa nusu. Kaa mmoja hakuambii kitu. Hesabu madume 20 wa eneo moja. Wakiwa wa kulia 19 au 20, uko kwa *Gelasimus*. Wakiwa 11 kwa 9, ni *Tubuca*, au umechanganya makundi mawili ya ufuo mmoja. Hapa kuna mitego miwili ya kijinga inayokamata hata watu makini. Kulia ni kulia kwa kaa: akikutazama, gando lake la kulia liko upande wako wa kushoto. Pili, kamera ya mbele ya simu nyingi hugeuza picha kama kioo. Tumia ya nyuma.

Kwa wenye paji pana, tazama ncha ya kidole cha juu cha gando, kile kinachocheza. Kwa *Cranuca inversa* kuna jino kubwa karibu na ncha, kiasi kwamba kidole kinaonekana kimegawanyika mwishoni. *Austruca occidentalis* hana jino hilo. Kidole kinapinda na kuchongoka taratibu. Lenzi ikiwa karibu, tofauti hii haihitaji ubishi, na ndiyo inayomaliza ule mgogoro wa waridi na wekundu. Kwa hiyo kama unakwenda na kigezo kimoja tu cha umbo kichwani kwa ajili ya sehemu za juu za mikoko, nenda na hiki.

Mahali umbo linapochoka ni kumtenga *Paraleptuca* na *Austruca* waliokwisha pauka, na kuwatenga *Gelasimus* wawili bila rangi. Hapo utafika kwenye jenasi au kwenye jozi, kisha utahitaji picha ya hai, lebo inayosema makazi, au njia ya tatu.

Mwendo wa kupunga gando nao tuuweke humu, ingawa si umbo hasa. Wenye paji jembamba hulinyanyua na kulishusha kwa wima zaidi. *Austruca occidentalis* hulifungua kando, akalizungusha na kulirudisha mbele ya mdomo. Video ya sekunde 30 ina thamani kuliko picha kumi.

*Nini huiharibu.* Gando lililoota upya. Dume akipoteza gando kubwa, jingine huota upandeni palepale (ile imani kwamba lahamia upande wa pili si kweli kwa kaa hawa), lakini hilo jipya huwa jembamba, jepesi, na halirudishi meno na vinundu vyote. Kwa *Cranuca* aliyeota gando upya, jino la ncha laweza kukosekana, na hapo atapita kama *Austruca*. Dawa ni kutotegemea dume mmoja: tazama watano au zaidi, na mwenye gando laini lisilo na vinundu ndani ya kiganja mweke kando. Majike hawana gando la kusoma, hivyo umbo huwaacha kwenye kundi la paji tu. Wadogo wa chini ya sentimeta moja waache. Paji lao lasomeka vibaya na gando halijakomaa.

*Inamfaa nani.* Mwanafunzi wa chuo mwenye mradi wa muhula, mwalimu anayetaka ufunguo wa kutambulia, yaani hatua za kufuata moja baada ya nyingine, ambao darasa litaweza kuurudia, na yeyote mwenye mkusanyiko wa zamani usio na picha.

Njia ya tatu: gonopodi

*Vifaa na muda.* Hadubini ya macho mawili ya kukuza mara 20 hadi 40, kibano chenye ncha nyembamba, sindano ya kupasulia, sahani ndogo na gliserini. Nusu saa kwa kaa mmoja mwanzoni, na vielelezo vilivyochorwa vya kila spishi mkononi. Bila michoro utaona kijiti chenye nywele na hutajua ukifanye nini.

Mlaze dume chali. Kifuniko cha tumbo cha dume ni chembamba, cha jike ni kipana na cha mviringo. Hakikisha kabla ya kuchokonoa. Kifungue taratibu kutoka ncha kuelekea nyuma ya mwili. Ndani kuna jozi mbili za viungo, na unachotaka ni ile ya kwanza, ndefu na ngumu. Kwa desturi hutolewa cha kushoto, ili cha kulia kibaki kwa atakayetaka kuhakiki. Kata kwenye shina, usivute. Kiweke kwenye gliserini, kigeuze hadi uone ncha kwa pembe zaidi ya moja: umbo la mabawa ya ncha, mahali tundu lilipo, na kama kuna kidole kidogo cha pembeni na urefu wake.

*Inakufikisha wapi.* Hadi spishi, hata kwa kaa aliyepauka kabisa na aliyepoteza gando. Ndiyo njia ambayo wataalamu huitumia kumalizia mabishano, pamoja na vinasaba.

*Nini huiharibu.* Ncha iliyovunjika, nywele zilizofunika tundu, na kaa aliyekakamaa kwa spiriti kali. Tena inahusu madume pekee. Lakini uharibifu mwingi hutokea kabla ya hadubini, kwenye kuhifadhi. Kaa akitumbukizwa kwenye spiriti akiwa hai hujikata miguu mwenyewe, na gando huenda nayo. Mpoze kwanza kwenye barafu au friza kwa saa moja. Tumia alkoholi ya asilimia 70: mililita 73 za alkoholi ya asilimia 96, jazia maji hadi mililita 100. Ujazo wake uwe angalau mara tatu ya ule wa kaa, na uibadilishe baada ya siku moja, kwa kuwa maji ya mwilini huizimua. Ukiwa na nia ya kupima vinasaba baadaye, mguu mmoja uweke pembeni kwenye ile ya asilimia 96. Fomalini huharibu vinasaba. Lebo iandikwe kwa penseli, iingie ndani ya chupa. Wino wa kalamu huyeyuka.

Kukusanya nako kuna taratibu zake. Mikoko ya Tanzania Bara ni misitu ya hifadhi iliyo chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), na utafiti rasmi hupitia COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia). Maliza hayo ukiwa bado Dodoma. Alkoholi nayo huwaka, kwa hiyo uliza kuhusu mizigo kabla ya kukata tiketi. Wengi huona ni rahisi kuinunua Dar es Salaam.

*Inamfaa nani.* Mwenye maabara, ruhusa, na sababu ya kuua mnyama. Kwa kujifurahisha au somo la sekondari ni gharama isiyo na faida.

Kwa hali yako

Kama ni safari ya shule ya siku mbili, nenda na rangi, ongeza paji, acha kaa walipo. Angalia jedwali la maji kabla ya tarehe: bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na kwa Dar es Salaam maji ya bamvua hupwa sana kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Hata kwa treni ya SGR, inayosafiri tangu 2024, ukiondoka Dodoma alfajiri utafika ufukweni maji yanarudi. Laleni Dar es Salaam.

Kama una picha za simu tu ulizoletewa, usianze na rangi ingawa ndiyo unayoiona kwanza. Soma paji, kisha ncha ya gando, rangi iwe ya tatu. Picha isiyoonyesha uso mwache kaa wake bila jina la spishi. Jenasi iliyo sahihi ni bora kuliko spishi ya kukisia.

Kama umerithi chupa za zamani, tenganisha madume na majike, gawa kwa paji, hesabu pande za magando, halafu fungua gonopodi kwa dume mmoja au wawili wa kila fungu. Si lazima kila kaa apasuliwe.

Kama ni mradi wa shahada, chukua zote tatu kwa mpangilio huu: picha za hai na video kwanza, kisha kukamata madume wachache wenye magando kamili, kila mmoja kwenye mfuko wake na namba inayolingana na picha. Lebo itaje tarehe, mahali, aina ya ardhi, na mti ulio karibu: mchu, mkoko, mkandaa au mlilana. Neno hilo moja la mti litakusaidia kuwatenga wale *Gelasimus* wawili siku ambayo rangi itakuwa imeshatoka.

Na kama ulichonacho ni majike watupu, rangi ya hai pamoja na paji ndiyo yote unayoweza kuyapata ufukweni. Piga picha ya jike akiwa karibu na shimo la dume aliyetambuliwa, na kwenye daftari mwandike kwa alama ya kuuliza.